Kisima cha Bi Mwanaesha

Nairobi, 6 Mei 2024

Baba mpendwa,

Assalaam alaikum. Natumai goti limepata nafuu na dawa unazimeza, si kuziangalia tu. Mimi mzima, alhamdulillahi.

Lile shirika ninalojitolea, linalochukua utafiti wa wanasayansi na kuwapelekea watunga sheria, linaandikia kaunti ripoti ya visima vya Mji wa Kale. Vitakavyotajwa vitatiwa dawa, na mitaa yake ivutiwe maji ya mfereji. Yale maji niliyochota kisimani kwetu siku ya Idi yamepimwa. Yana uchafu wa vyoo, Baba. Waambie majirani wayachemshe.

Mwanao,
Lamis

Mji wa Kale, 14 Mei 2024

Mwanangu Lamis,

Waalaikum salaam. Goti ni lile lile, na dawa zako chungu.

Kisima kile ni wakfu wa mamangu, Bi Mwanaesha. Kila anayekunywa, yeye kaburini huandikiwa thawabu. Leo uiambie serikali kwamba aliwaachia watu choo? Hapa mtaani Bondeni nitapita na uso gani? Sijakuomba kitu tangu uondoke. Nakuomba hili: kitoe kwenye hiyo ripoti.

Babako

Nairobi, 2 Juni 2024

Baba,

Nakuamkia kwa heshima. Nimekitoa. Mwenzangu Bramwel aliniuliza sababu, nikamwambia kipimo kiliharibika. Tangu hapo naona haya kumtazama. Sisi ndio tunaowahubiria wakubwa wasifiche ukweli.

Umeshawaambia wachemshe?

Mwanao,
Lamis

Nairobi, 20 Agosti 2024

Baba,

Hukunijibu; natumai ni uvivu, si maradhi. Kaunti imeikubali ripoti. Ofisini walikula keki, mimi sikuigusa. Nikifungua bomba tu, nafsi inanisuta.

Niambie umewaambia.

Mwanao,
Lamis

Mji wa Kale, 19 Novemba 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya yangu usiiulize.

Mafundi walipita vichochoro vya wenzetu, kwetu hawakuingia. Mvua ziliponyesha, Fahmi, mjukuu wa jirani yetu Mejumaa, alianza kuhara na kutapika. Tulimzika jana. Bibi yake aliniuliza kama maji yalikuwa na kitu. Sikuwa nimemwambia, Lamis. Na jana pia nilinyamaza.

Leo nimekitia kisima kufuli. Nikimaliza kuandika nakwenda kwake kumwambia, na wewe kamwambie mwenzako.

Ulinitii kama nilivyokulea. Laiti ungenikatalia, mwanangu.

Babako