Sanduku la Qatar

Likoni, 6 Mei 2024

Mwanangu Hassan,

Assalaam aleikum. Hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila magoti yangu tu.

Jana walikuja watu wa posa ya dadako Nadira. Wakakuulizia, nikasema uko kazini Qatar. Mungu anisamehe! Mahamri hayajaguswa, ami yake bwana arusi akamnong'oneza mwenziwe Kizungu, nikaokota neno moja, "jailbird". Nadira aliacha kumimina chai akaingia ndani, na mpaka leo hataki kuniambia maana yake. Wewe umesoma, niambie.

Posa hawakuivunja, ila wataka kumwona walii, wa kumuozesha, kwa macho yao. Babako hayupo, walii ni wewe.

Mamako

Gerezani, 20 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Kifua kimepoa, alhamdulillahi.

Neno hilo ni mimi, Mama. Ni mtu aliyezoea jela hata ikawa ndiyo kwake, akifunguliwa anarudi. Akizeekea humo humwita "old lag". Askari wa hapa hawajisumbui na Kizungu. Nilipoingia mara ya pili walinicheka tu: "Karibu nyumbani." Naona aibu kukuandikia, lakini umeuliza.

Mwezi ujao natoka. Wallahi mkono wa bwana arusi nitaushika mwenyewe, nimuozeshe dadangu mbele ya watu.

Mwanao

Likoni, 3 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Nimelia, nimenyamaza. Kanzu ya babako nimeifua.

Ukitoka usije nyumbani, majirani wasikuone mapema. Fikia kwa rafiki yako Maxwell, Kisauni. Siku ya nikahi ndiyo utokee, na sanduku la maana, kama mtu wa Qatar kweli. Najua nakufunza uongo, baba, lakini nimechoka kuinamisha uso.

Mamako

Gerezani, 1 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Sijui nikuulize hali kwa uso gani. Najua mliningoja msikitini mpaka watu wakaanza kuangaliana.

Maxwell hakuwa na sanduku, na mimi sikuwa na kitu mfukoni. Miritini, kando ya barabara, muuzaji mmoja wa masanduku aligeuka kidogo, nikalinyanyua moja. Sikufika mbali.

Ami Boga, nduguye baba, namkabidhi uwalii, amuozeshe Nadira kwa niaba yangu, kama bado wanamtaka. Kanzu mpe yeye. Na safari hii waambie nilipo.

Polisi wamenicheka, wameniuliza mtu mzima anaiba sanduku tupu la nini. Sikukutaja.

Mwanao