Aliyeketi Kiti cha Abiria

Karakana ya Fremu,
Nyuma ya Stendi Kuu,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Nakuamkia kwa heshima zote, mimi mtoto wa kaka yako, yule uliyemwita Domo tangu hajaota meno. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyoletewa na nesi unaitumia, au umeificha kabatini pamoja na zile nyingine? Nakujua mimi. Huku tu wazima, ila kidole gumba nimekigonga kwa nyundo mara mbili wiki hii, na sababu yake utaiona humu ndani.

Shangazi, kama umesimama, keti. Na kabla sijaanza nakuomba kitu kimoja: usiichane barua hii mpaka umefika mwisho. Ukishafika, fanya utakalo.

Kazi yangu unaijua. Watu huniletea picha, mimi nazitia fremu. Picha zenyewe wala sizitazami. Natazama kingo, pembe na mgongo. Mwezi uliopita mama mmoja mchoraji aliniletea picha kubwa, upana wa mlango, mbele ameifunika karatasi kwa ajili ya vumbi la msumeno. Ilikaa kwangu siku tisa imegeukia ukuta. Nikaipima, nikaipigilia misumari, nikanywa chai nimeiegemea. Kumbe!

Jumamosi ya wiki iliyopita akanialika kwenye jumba la sanaa la hapa mtaani, maonyesho yake yalikuwa yanafunguliwa. Nilikwenda kukagua fremu zangu, basi. Nimevaa viatu vya kubana, nazunguka nagusa pembe, mlinzi ananikemea, "Dada, haziguswi hizo!" Nikamwambia mimi nimezigusa kabla yako. Halafu picha zikaanza kunishika. Kuna moja ya mwanamke ananawa uso kwenye karai, maji yanamtiririka viwikoni. Nilisimama pale mpaka watu wakaanza kunizunguka wapite, na ukiniuliza kwa nini sijui.

Ndipo nikageuka, nikaiona ile kubwa.

Ni gari bovu, halina magurudumu, limewekwa juu ya matofali. Mlango uko wazi. Ndani ameketi mwanamume, si kwenye usukani, bali kiti cha abiria, mikono juu ya magoti, uso kaugeuzia pembeni. Kiti cha dereva kitupu. Amevaa shati la mistari ya bluu lenye kiraka cha kijani kiwikoni. Shangazi, kiraka kile ulikishona wewe. Lilikuwa shati la marehemu mumeo. Na sikio lile lililopungua ncha nililikata mimi kwa mkasi wa shule tukicheza kinyozi, ukanichapa mpaka nikajificha chini ya kitanda.

Ni yeye. Ni mwanao.

Nikakaa sakafuni na gauni langu jipya. Miaka sita, Shangazi! Tangu siku ile breki zilipokataa, yeye yuko usukanini na baba yake ubavuni, baba akafa, yeye akatoka na michubuko. Tangu uliposema mbele ya waombolezaji wote kwamba asikanyage tena kwako, na kwamba aliyestahili kurudi siye aliyerudi. Tangu hapo hatumtaji. Akitajwa, unainuka mezani. Sikulaumu, ulikuwa na uchungu. Lakini nami nilikuwepo, nilisikia, na huu mdomo wangu usiofungika, siku ile ulifungika. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilimng'ang'ania mchoraji. Yuko wapi? Anaishi na nani? Akagoma katakata. Alisema mtu yule alikubali kuchorwa kwa sharti kwamba asitajwe kwa yeyote. Jambo moja tu alinieleza: yeye alitaka kumchora ameshika usukani, naye akakataa, akasema, "Kwenye kile kiti sikai." Nililia mbele za watu bila aibu. Mwishowe akakubali kumpelekea ujumbe. Nikaandika jina langu kwenye kipande cha karatasi, mahali ilipo karakana, na neno moja: njoo.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Kila kivuli kikipita mlangoni moyo unaruka. Nilivunja vioo viwili. Jumatano nikaanza kuwaza kwamba nimemfukuza, kwamba huko aliko keshafunga mzigo wake kwa sababu ya kiherehere changu.

Alhamisi mchana nainua macho, namwona ng'ambo ya barabara. Amekonda. Amesimama tu, anatazama mlango wangu. Nikaogopa nikitoka atakimbia; nikaogopa nikibaki ataondoka. Basi nikaendelea kugonga misumari, hata pasipohitaji msumari, jasho linanitoka, macho mezani. Hapo ndipo gumba lilipoumia. Karibu saa nzima! Kisha nikasikia sauti mlangoni: "Domo, bado unakata watu masikio?"

Tulivyolia sitakueleza.

Ni fundi sasa, Shangazi. Anatengeneza breki, breki tu. Kazi nyingine za gari anawaachia wenzake. Hajaendesha tangu siku ile. Mwisho wa mwezi huu gereji yao inahamia mji wa mbali, naye anakwenda nayo, na amesema akishafika huko hatamsumbua mtu tena. Aliniuliza swali moja, "Mama bado ana hasira?" Ningeweza kumdanganya kwamba yamekwisha. Uongo ulinifika kabisa kwenye ncha ya ulimi. Nikamwambia sijui, nitamuuliza mwenyewe. Akageuza uso.

Basi nakuuliza. Sikutumwa na ukoo, wala sikupi ushauri, mimi ni mtoto kwako. Nakuuliza tu, na nakuomba kwa magoti unijibu kabla mwezi haujaisha, hata kama jibu ni hapana. Ukinyamaza, ndiyo basi tena, tumempoteza.

Nisalimie babu, nisalimie jirani yako mshona nguo, na binti yako Kifimbo mwambie aache kunenepa bila idhini yangu. Mungu akulainishie goti, akupe usingizi wa amani, na akuweke kwa ajili yetu sote.

Wako akupendaye,
Mpwa wako,
Domo.

Nimesahau. Barua hii nimemsomea mwanao yote, leo aliporudi, kabla sijaifunga. Aliomba kalamu, akakaa nayo muda mrefu, kisha akaandika huu mstari wa chini kwa mkono wake mwenyewe.

Mama, shikamoo.