Karatasi Niliyomficha Baba

Nyumbani kwa Baba,
Saveh.
Tarehe 12, mwezi wa Aban.

Mpendwa kaka yangu Hushang,

Hujambo huko Hamburg? Wifi yangu Nasrin hajambo? Na huyo binti yenu Taraneh, meno yameanza kutoka? Sisi tu wazima. Goti la Baba linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini akishapata chai hulisahau.

Majani ya mikomamanga yamegeuka manjano na yanapukutika huku tukiyatazama. Mwaka huu miti imezaa hadi matawi yameegemea ukuta. Tulichuma siku nne, tukakamua, tukachemsha rojo uani kwenye sufuria kubwa la Mama, Baba akikoroga na mimi nikichochea kuni. Jioni tunaingiza miguu chini ya blanketi la meza yenye makaa chini yake, tunavunja kokwa za jozi, naye ananisimulia ujana wake. Shangazi Turan wa jirani alinitania kwamba nachekacheka kama bibi harusi, na bwana harusi mwenyewe haonekani.

Nilifurahi kweli, kaka. Aibu yangu iko hapo.

Ile barua yako ya mwisho wa kiangazi ilifika. Unajua macho ya Baba hayasomi tena, mimi ndiye humsomea. Nilimsomea habari za mtoto, za kazi yako, za mvua isiyokatika. Nilipofika pale ulipomwalika aje akae nanyi, nikaparuka. Karatasi ya mwaliko, ile iliyotakiwa ifike ubalozini kabla ya mwezi uliopita, Mehr, kwisha, niliikunja nikaitia kwenye droo ya cherehani.

Sina udhuru. Tangu tumzike Mama, nyumba hii imekuwa pana mno. Nilijiona nikichuma peke yangu, nikila peke yangu, nikaogopa. Nikajiambia, msimu huu mmoja tu, kisha nitasema.

Kila wiki Baba aliniuliza kama hukugusia habari ya yeye kuja kumwona mjukuu. Nilimjibu kwamba kazi zimekuzidi. Alitikisa kichwa, akaendelea kupukuchua punje za komamanga kwenye bakuli.

Juma lililopita alichagua makomamanga kumi na mawili, mazuri kuliko yote, akafunga kila moja kwa gazeti, akayatia kwenye kasha, akaenda nayo kwa miguu hadi posta. Walimrudisha, matunda mabichi hawayapokei. Alipofika aliliweka kasha mezani, akakaa bila kuvua koti. Alisema angempa mtoto kwa mkono wake mwenyewe, kama angeitwa.

"Ila sijaitwa," alisema.

Hapo nilishindwa. Nikafungua droo, nikamsomea barua yote, pamoja na ile tarehe iliyokwisha pita.

Hakunipigia kelele. Alitoka akafagia majani uani, akafagia hata palipokuwa safi. Siku mbili alikula peke yake. Heri angenigombeza.

Jana asubuhi aliniita, akaniambia nishike kalamu.

"Mwandikie ndugu yako kila ulichofanya, usijipambe," alisema. "Kisha mwombe karatasi nyingine. Mwombe mbili."

Nikamuuliza ya pili ni ya nani.

"Wewe unadhani nitakuacha huku na nani?"

Nilikwenda kusimama jikoni hadi chai ikapoa.

Basi nimekuandikia yote, kaka, kama alivyoniagiza. Nimekunyima miezi ambayo Baba angempakata mwanao, na siwezi kuirudisha. Ya Baba itume upesi, tafadhali, kabla theluji haijafunga barabara. Hiyo ya pili usiitume kwa sababu tu ameitaja yeye. Iache mpaka siku utakayoona moyoni mwako kwamba unaweza kunifungulia mlango.

Nisalimie Nasrin, na umbusu Taraneh mashavu yote mawili. Shangazi Turan na mumewe Karim wanawasalimu sana. Mungu awalinde na baridi ya huko na awape riziki yenye utulivu.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Mahrokh