Kuhusu Kazi ya Baba Mdogo

Hosteli ya Wasichana,
Ghorofa ya juu, chumba cha mwisho,
Jumapili, 8 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko, na magoti yanasemaje? Mama aliniambia umeanza kutembea bila fimbo, nikafurahi. Kisha akaongeza kwamba umeshaanza kupanda ngazi kwenda kuanika nguo mwenyewe, nikaacha kufurahi. Nakuomba, ngazi waachie wajukuu zako. Mimi mwili mzima. Kikohozi kimeniacha, ingawa Miwani, mwenzangu wa chumbani, anadai bado anakisikia ukutani.

Najua umeshajiuliza kwa nini niko kimya. Chiriku wako akinyamaza ujue kuna jambo. Simu niliogopa kukupigia kwa sababu ningelia, nawe ungelia, na salio lingekatika kabla sijasema neno la maana. Ndiyo maana naandika.

Masomo yanakwenda. Huu ni muhula wa mwisho wa shahada yangu ya fedha. Mwalimu wetu wa vihatarishi, tunayemwita Bwana Tahadhari kwa sababu hata kiti hukitikisa kabla ya kukikalia, amenisifu mbele ya darasa zima. Nafaulu, Shangazi, na nafaulu vizuri. Ningekuwa nafeli, pengine leo ningekuwa na raha.

Unakumbuka kozi hii ni Baba Mdogo aliyenichagulia. Mimi nilitaka kufundisha historia. Yule kitinda mimba wenu akaja nyumbani na tai yake ya kazini, akamwambia baba, "Historia ataisoma magazetini. Mtoto asome fedha, aje akae ofisi za juu, mimi nimpungie mkono kutoka dirishani kwangu." Unajua alivyolipenda lile dirisha la benki. Amekuwa keshia pale tangu mimi sijazaliwa.

Ulipofika wakati wa mafunzo kwa vitendo, alikwenda mwenyewe kwa meneja wa tawi kuniombea nafasi, akapewa. Kila mteja aliyekuja alionyeshwa mimi. "Huyu binti yangu, anasomea fedha chuo kikuu." Watu wa foleni nyuma wanaguna, yeye wala.

Meneja akanipa kazi: nilinganishe huduma za dirishani na zile za simu na mashine, nione kila moja inaigharimu benki kiasi gani. Shangazi, niliipenda kazi ile kupita kiasi. Mambo niliyoyakariri darasani nikayaona yakitembea. Nilimsumbua Baba Mdogo kwa maswali. Mteja mmoja anakuchukua muda gani? Wengi wanakuja kufanya nini? Wakati gani unakaa bure? Alinijibu yote, tena kwa furaha, mpaka saa ya chakula.

Wakaja wageni kutoka makao makuu, nikaambiwa mimi ndiye nitakayewaeleza. Baba Mdogo aliomba ruhusa aingie, akakaa nyuma karibu na mlango, mikono mapajani kama mzazi aliyeitwa shuleni. Nikawasha projekta, nikaeleza kwamba madirisha mengi ya tawi lile yanaweza kufungwa na wateja wasipate taabu kubwa. Nilisema madirisha. Neno watu halikunitoka mdomoni, na nakuapia halikunijia hata kichwani. Nilipomaliza, wa kwanza kupiga makofi alikuwa yeye.

Mvua zilipokatika, akaitwa ofisini. Aliitwa yeye pamoja na keshia mwingine, mama aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka likizo ya uzazi. Wote wawili wakamwaga unga asubuhi moja. Wenzake wanasema aliomba kitu kimoja tu, arudi amalize foleni iliyokuwa inamsubiri. Akawahudumia mmoja mmoja, akawatakia siku njema, akavuta pazia.

Nilikwenda kwa meneja. Akanikaribisha kiti, akaniambia, "Binti, usijipe ukubwa. Jambo lile lilikuwa limeshaamuliwa kabla hujakanyaga hapa. Walichotaka ni lisemwe na mtu ambaye hana kisa na yeyote." Mpaka leo sijui alikuwa ananifariji au ananitukana. Zile sifa zote kumbe nilikuwa nimevishwa kilemba cha ukoka. Lakini hesabu niliifanya mimi, Shangazi, wala hakuna aliyenishika mkono.

Nyumbani hakukaliki. Baba anasema benki ndiyo iliyomwondoa, mimi simo. Mama anasugua masufuria yaliyokwisha kung'aa. Mama Mdogo nikimwamkia anatazama pembeni.

Baba Mdogo alikuwa hapokei simu zangu, nikapiga moyo konde nikamfuata kwake mchana, Mama Mdogo akiwa sokoni. Nilimkuta sebuleni, ndevu hazijanyolewa, redio inasema peke yake. Hakunifukuza. Alinisogezea kigoda, akaniambia, "Siku ile nilipiga makofi lakini sikuelewa vizuri. Hebu nieleze tena, polepole."

Nikasema siwezi.

"Unaweza. Waliweza kukusikiliza wageni, mimi nishindwe?"

Nikachukua kalenda ya zamani, nikaandika nyuma yake. Nikamweleza kila kitu kama nilivyowaeleza wale. Alifuatisha kwa kidole.

"Hesabu haina kosa?"

"Haina, Baba."

"Umeirudia?"

"Nimeirudia."

Aliikunja ile kalenda. Kisha akasema, "Basi umesoma vizuri. Ningekuwa mimi kwenye kiti chao, ningemwondoa yule mzee vilevile." Akacheka. Mimi nilishindwa. Akaniomba niondoke kabla mkewe hajarudi.

Sasa sikia lililobaki. Benki imenipa kazi, tena makao makuu, kwenye kitengo kinachokagua matawi. Nilitaka kukataa. Kusema kweli nilitamani mtu anikataze, yeyote, ili lawama iwe yake. Hakutokea. Baba Mdogo alituma ujumbe kwa baba: "Mwambie akiikataa, na mimi nitakuwa nimefukuzwa bure." Nikakubali. Siku chache za wiki niko kazini, zilizobaki niko darasani, mpaka mitihani iishe.

Nakuomba umpigie ndugu yako. Wewe dada yake mkubwa hawezi kukukatia. Usinitaje mimi. Muulize tu amekula nini, umchekeshe kama ulivyokuwa ukimchekesha, umfanye anyoe zile ndevu. Anasema anatafuta kazi, lakini baba anasema anafika mpaka kona ya benki, anasimama, anarudi.

Wiki iliyopita nilipelekwa tawi dogo, jengo la kuta za kijani na kapeti lililochakaa. Walioniagiza walisema nijitambulishe kama mwanafunzi tu. Dirishani alikuwepo mama mmoja wa makamo, mwenye sweta na peremende mezani kwa ajili ya watoto wa wateja. Aliponiona nimesimama alitoa leso yake, akafuta kiti, akakivuta mpaka ubavuni pake. "Kaa hapa, mwanangu," akaniambia. "Kule nyuma hutaona kitu. Uliza lolote unalotaka." Nilitamani nimwambie asinijibu. Nilitamani nimwambie aseme ana kazi nyingi, anifukuze.

Nilikaa, Shangazi. Nikamuuliza mteja mmoja anamchukua muda gani.

Nisalimie mjomba, na dada fundi cherehani, na wale mapacha. Waambie nawakumbuka kila mmoja kwa kelele zake. Miwani naye anakuamkia ingawa hamjaonana. Mungu akutilie nguvu magotini, akupe na maneno ya kumwambia Baba Mdogo, kwa maana mimi yangu yameniishia.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikinyamaza,

Chiriku