Harufu ya Shabani, Kama Bado Imo

Rumonge, Jumatano. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika kabla ya adhuhuri, na tangu hapo jua linawaka utadhani linalipiza kisasi. Siku kama hii ufukwe wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, lazima unanuka mpaka barabarani. Nasema lazima, maana mimi sisikii chochote.

Huu ni mwezi wa tatu.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni pua. Msinicheke. Wanawake wanaonunua ndagala kwa magunia kwenda kuuza Bujumbura huniita niwanusie mzigo kabla haujafungwa. Ndagala wa juu ya gunia hawana siri, kila mtu anawaona walivyokauka na kung'aa. Mambo yako chini. Unazamisha mkono mpaka kwapani, unatoa konzi moja kutoka kitako cha gunia, unawasugua kati ya viganja mpaka wapate joto, halafu unaingiza pua. Ndagala walionyeshewa wakaanikwa upya, kwa macho huwezi kuwajua. Wakipata joto wanajitaja wenyewe. Nilikuwa naweza kukuambia kama wameanikwa mchangani au juu ya nyavu, na mara nyingine kama wametoka Magara au hapa kwetu. Nilikuwa najivuna sana, acha nikiri.

Kisha nikapata mafua makali, na homa ya siku nne. Vyote vikapona, pua ikabaki. Muuguzi wa kituo cha afya aliniambia huenda harufu zitarudi, huenda hazitarudi. Nikamuuliza nisubiri mpaka lini.

"Dada, ile siwezi kujua," akasema. "Hata dogteri hawezi kujua."

Angalau alikuwa mkweli. Mimi sikuwa. Sikumwambia mtu, nikaendelea kunusa magunia ya watu kwa uongo. Nilikuwa nasugua ndagala, nainamisha kichwa, nafumba macho kama zamani, kisha nanyoosha kiganja upande wa Espérance kana kwamba namwonyesha kitu. Espérance ni mwenzangu wa kazi, alihamia hapa kutoka Uvira. Akikunja uso, nasema hawa hapana. Asipokunja, nasema funga. Miezi mitatu nimenusa kwa uso wa mtu mwingine, naye hajui.

Wiki iliyopita Espérance hakuja kazini. Nikapitisha gunia bovu.

Mwenye gunia aliporudi kutoka Bujumbura hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole, "Mariamu, ile siku ulikuwa mugonjwa?" Afadhali angenitukana. Nilirudi nyumbani mchana ule ule, na njia nzima nilikuwa siwazi ndagala. Nilikuwa nawaza kopo.

Kopo hilo ni kubwa, la maziwa ya unga, nimelizungushia utepe wa gundi kwenye mfuniko. Ndani yake kuna shati la bluu la marehemu mume wangu. Shabani alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha mawese, na alipofariki, miaka miwili iliyopita, nilifua nguo zake zote nikazigawa, isipokuwa hilo moja. Hilo sikulifua. Lilikuwa na moshi wa kinu, na mawese yaliyochemka, na chini ya hayo kulikuwa na yeye, jasho lake, ambalo sijui niliite nini. Hatukujaaliwa mtoto. Picha zake ninazo, lakini picha haijawahi kunifanya nigeuke nikidhani ameingia mlangoni.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Kila Ijumaa nafungua, navuta pumzi moja, nafunga. Nilikuwa bahili, maana nilijua kila nikifungua kuna kidogo kinachotoka.

Tangu mafua nimelifungua kila Ijumaa vilevile. Hakuna kitu. Ni kama kunusa ukuta.

Sasa hili ndilo linalonikosesha raha. Sijui kama harufu imo na mimi ndiye nimefungiwa nje, au imekwisha na mimi nalinda tambara. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini kwangu yanafanana, hayana hata alama moja ya kuyatenganisha. Nimelitazama lile shati, nimelipapasa, nimeliweka sikioni kama mwendawazimu. Macho yanasema shati. Vidole vinasema shati. Kuhusu Shabani hakuna kiungo changu kinachojua lolote.

Na nikianza hivyo siachi. Paka wa ufukweni huwa anawakimbia ndagala ambao hata pua yangu ilipokuwa nzima iliwapitisha. Kwa hiyo hata nilipojiona najua, kulikuwa na kitu nisichokipata, ila sikujua kwamba sikipati. Labda sisi sote tumezungukwa na vitu ambavyo hatukupewa kiungo cha kuvishika. Zamani wazo hili lingenifurahisha. Sasa linanitia uchungu, basi.

Leo Mama alikuja kunitembelea kutoka Kabezi. Namaanisha mama yake Shabani. Macho yake yamechoka, ila pua yake ni nzima, tena ni yeye peke yake duniani, ukiniondoa mimi, aliyemjua Shabani kwa harufu. Nikaamua nimuulize.

Lakini Mama ni mtu wa huruma. Ni mtu anayeweza kukuambia chai yako ni tamu hata kama hukuitia sukari. Kwa hiyo nilifanya walichonifanyia wafanyabiashara nilipokuwa mgeni kwenye kazi. Kabla ya kukuamini wanakuletea kwanza gunia ambalo wao wenyewe wanalijua ubovu wake, wakuone utasema nini.

Nilichukua shati jingine la bluu, la mtumba, ambalo huwa navaa mwenyewe nikienda kuanika. Shabani hakuwahi kulitia machoni. Nilikuwa nimelifua kwa sabuni na kulianika uani siku mbili. Nikamwambia Mama habari ya pua yangu, kweli tupu, kisha nikamwekea mikononi lile shati la uongo.

"Mama, ni la Shabani. Niambie kama harufu yake bado iko."

Alilishika kwa mikono miwili. Akaingiza uso wote. Akakaa humo muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Iko," akasema.

Kisha akalia, kisha akacheka huku analia. "Iko kabisa, mwanangu. Njo yeye, ni yeye mwenyewe. Njo mutoto wangu huyu." Akanishukuru, murakoze, murakoze sana, kwa kulitunza. Akaanza kunihadithia jinsi Shabani alipokuwa mdogo alivyokuwa akirudi kutoka kwenye michikichi na mikono imekuwa myekundu, akijifutia kwenye kanga yake. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua anaomba kikubwa, kama anaweza kuondoka na shati akae nalo siku chache.

Ungekuwa wewe ungesema nini?

Nikamfungia kwenye kitenge. Amepanda gari la Kabezi amelikumbatia shati la mtumba.

Mwanzoni nilikasirika. Nikasema moyoni, amenidanganya, na mimi nilimtega na amenasa. Kisha nikatoka uani kuanua nguo. Kinu cha mawese cha jirani kilikuwa kinafanya kazi, kama kila siku msimu huu, na moshi wake ulikuwa unaruka ukuta na kutua juu ya kamba yangu ya nguo. Nikasimama pale na mashuka mikononi. Lile shati lilikaa kwenye kamba hiyo siku mbili, ndani ya moshi ule ule uliokuwa unakaa kwenye ngozi ya Shabani.

Basi huenda Mama alisema kweli. Huenda alinihurumia. Huenda pia alinusa alichokitamani, kama mimi ninavyosikia kikohozi cha Shabani mlangoni wakati hakuna mtu. Nimekaa hapa tangu alasiri, sina njia ya kuchagua. Mwenye pua angejua mara moja, angenusa tu nguo zilizobaki kwenye kamba.

Na mizani pekee niliyokuwa nayo nimeivunja mwenyewe. Hata nikimpa Mama shati la kweli kesho, akaniambia iko, neno lake litanisaidia nini? Siwezi pia kumwambia alichokikumbatia ni nini. Kama nilitaka kujua, sasa najua kidogo kuliko jana, na nimemwibia mama wa watu machozi.

Huenda msimu huu Rumonge nzima inanukia mume wangu, na mimi peke yangu ndiye sijui.

Kuna moja ninaloweza kulifanya. Kesho nitamwambia Espérance kwamba pua yangu imekufa, na yeye ndiye atakayeingiza mkono kwenye magunia. Nitamfundisha kusugua. Hilo litanisumbua, ila nitalifanya, kwa sababu yule mwanamke aliniuliza kwa upole.

Kuhusu kopo sina la kufanya. Ijumaa nitalifungua kama kawaida, nitavuta pumzi moja, sitapata kitu. Kisha nitalifunga haraka, na gundi juu yake, kwa sababu kama imo, sitaki itoke.