Gunia la Kisimani

Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepunguza kuuma. Sisi wazima, ila feni ya maabara imekufa na tunajipepea kwa mafaili.

Yale magugu ya chumvini uliyotuma yamefika, magunia matatu, kila moja na mwandiko wako: shamba la chini, nyuma ya nyumba, kisimani. Niliyaanika kivulini, nikayasaga, nikayaloweka kwenye spiriti, nikachuja dawa yake. Kisha tone moja moja linatiwa kwenye maji ya zambarau. Dawa ikiwa na nguvu, zambarau inapotea.

Ya nyuma ya nyumba ilijikongoja. Ya shamba la chini ilifuta rangi upesi, na hilo nililitarajia, chumvi ya huko tunaijua. Ya kisimani, Baba, rangi ilipotea kabla sijaweka chupa mezani. Mkuu wangu alipiga makofi. “Mwambie mzee alete mengine, hata lori zima!”

Mimi sikupiga makofi. Mmea huu hutengeneza dawa ili ujikinge. Chumvi inavyozidi kuubana, ndivyo unavyotengeneza nyingi. Niliupima udongo ulioganda mizizini, mara mbili, nikiomba mashine iwe imekosea. Haikukosea. Chumvi imeshapanda hadi kisimani.

Uliniuliza kama mvua zikianza upande mahindi pale pale shamba la chini, au usogee juu, karibu na kisima. Nimezunguka weee, barua nzima, nikikwepa kukujibu. Mwambie Mama aishushe ile mbegu ya mahindi aliyoitundika juu ya meko. Aipike.

Ni mimi binti yako, uliyenisomesha kwa shamba hilo hilo.