Sifuri ya Mwalimu Kalenga

Odile, nimerudi sasa hivi kutoka shuleni. Mwalimu Kalenga amemupa Florentine wangu sifuri. Sifuri!

Walisoma hadithi tatu: sungura na simba, chura na tembo, ndege na mamba. Swali: umejifunza nini? Mutoto akaandika kwa kalamu ya risasi, "Mara nyingi katika hadithi hizi, mudogo anashinda mukubwa kwa akili."

Mimi njo nilimufundisha hivyo, kama ninavyojifunza jioni kwa masomo ya watu wazima. Asome zote kwanza, atafute kinachofanana, na aseme "mara nyingi", si "siku zote".

Kalenga akaniambia mbele ya wamama waliokuja kuchukua watoto: "Mama citoyenne, nionyeshe mustari wenye maneno hayo." Nikamujibu: "Papa mwalimu, haiko kwa mustari mumoja, iko katika hadithi zote tatu." Akacheka! "Ah, njo munafundishwa hivyo kwa masomo yenu ya mangaribi? Mutoto afute, ao atarudia mwaka."

Afute, Odile! Ao arudie mwaka!

Basi njiani nimepita kwa majirani, nimekusanya madaftari sita ya darasa lake. Mutoto aliyefikiri, sifuri. Aliyenakili kitabu, kumi kwa kumi. Jumamosi kuna mukutano wa wazazi, na direkteri wa shule atakuwapo. Nitasoma daftari moja moja, polepole, Kalenga akiwa amekaa palepale. Sitamutukana hata kidogo. Nataka wazazi waseme wenyewe ni mwalimu wa namna gani, naye asikie.

Florentine ameshika gomu ya kufutia, ananiuliza: "Mama, nifute?"

Nimemwambia: "Pitisha bic ya wino juu ya kila neno, yasifutike tena."